Iten na familia nzima, wanaokimbia na wasiokimbia: tunaenda kufanya nini huko?

Baba Mapacha

Wakuu, kama kuna mtu anapanga kwenda Iten likizo na familia, kabla hajauliza hoteli na nauli naomba ajue jambo moja: huko hakuna geti. Hakuna tiketi, hakuna mlango, hakuna bango la kukuambia njia maarufu za wakimbiaji zinaanzia hapa. Kuna lile tao la barabarani linalosema Iten ni nyumbani kwa mabingwa, mnapiga picha pale dakika tano halafu watoto wanakuuliza baba sasa hao mabingwa wako wapi. Na kama mmefika saa nane mchana jibu ni kwamba wamelala.

Kwa asiyepajua, Iten ni mji mdogo tu, makao makuu ya kaunti ya Elgeyo-Marakwet huko Kenya, kama kilomita 35 hivi kutoka Eldoret, umekaa ukingoni kabisa mwa Bonde la Ufa, mwinuko kama mita 2,400 toka usawa wa bahari. Arusha mjini ni kama 1,400 kwahiyo hata sisi tunaojiona watu wa milimani kule tunahema. Njia zenyewe ni barabara za vumbi jekundu zinapita katikati ya mashamba ya mahindi na viazi, zinapanda zinashuka, na zimejaa watu wanaokimbia. Mmoja kashinda dunia, mwenzake hajawahi kushinda hata mbio za kata, na kwa macho huwezi kuwatofautisha maana wote wamevaa traksuti na wote wanakupita.

Sisi tulikuwa mchanganyiko. Mimi najogi jogi, mama watoto hakimbii hata mvua ikinyesha, mapacha wako darasa la tano, bi mkubwa na magoti yake, na shemeji mmoja ambaye alishamaliza nusu marathoni ya Kilimanjaro basi anajiona Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni. Swali lilikuwa hao wasiokimbia wataenda kufanya nini, na nasema hivi: wao ndo walifurahi kuliko sisi.

Panga Alhamisi ikukute uko pale. Hilo ndo la kwanza na la mwisho. Alhamisi saa tatu asubuhi kuna fatleki, ni mazoezi ya kubadilisha kasi, kasi kidogo pole kidogo, na wanakutana njia panda ya barabara ya vumbi nje kidogo ya mji, boda yeyote ukimwambia fatleki anakupeleka. Saa mbili na nusu mko pale mmeshakunywa chai. Watu wanaanza kutokea, wawili, watatu, wengine kwa miguu wengine wameshushwa na matatu, wanapiga stori taratibu, wanavua majaketi. Humuoni wa kuwapanga. Ikifika saa tatu mtu mmoja anasema leo ni mbili kwa moja, maana yake dakika mbili kasi dakika moja pole, wanaondoka. Linapita kundi la mbele ambalo hata hulisikii linavyopumua, linafuata la kati, halafu wale wa nyuma ambao hao unawasikia vizuri sana, yaani mia na zaidi wanaume kwa wanawake na vumbi lao. Saa za mkononi zinalia pi pi pi kwa pamoja barabara nzima, kundi linapoa, zinalia tena, kundi linaondoka.

Bi mkubwa alikuwa kwenye kiti cha plastiki alichoazimwa na mama wa kibanda cha chai, akauliza hawa wanafukuzwa na nani.

Mapacha walikuwa wanaungana na watoto wa pale, kila kundi likipita wanalifuata mita mia wanarudi, mpaka viatu na soksi vyote rangi ya matofali. Sikuwalazimisha wala kuwaambia kitu. Nilikuwa na hotuba yangu ya nidhamu na bidii nimeiandaa toka Namanga, ikabaki kifuani.

Sasa la pili, na hapa naomba mnielewe. Ile njia ni kazini kwa watu. Wale hawakimbii kwa ajili yetu, pale ndo wanatafuta ada na kiwanja. Kwenda kuwaangalia ni sawa na kuingia jikoni kwa mtu anapika: karibu, kaa, ila usifunue sufuria. Nimeona gari la wageni linakimbizana na kundi, simu nje ya dirisha, vumbi lote wanakula wale wanaokimbia. Mkipaki pembeni mkakaa kwa utulivu watawapungia wenyewe, wakimaliza wengine wanakuja kunywa chai hapo hapo mnaongea.

Niulizeni, nimekaa.

Kijana wa Mbulu

Uzi mzuri mkuu ila nina kidonda. Tunavuka mpaka kwenda kuangalia watu wakikimbia wakati Mbulu ipo? Mzee John Stephen Akhwari ni wa kwetu. Mexico 1968 kaanguka, goti limeumia, kamaliza marathoni giza limeshaingia, dunia nzima inaijua ile picha. Simbu naye wa Singida, Septemba 2025 pale Tokyo kachukua dhahabu ya dunia kwa saa 2:09:48, yeye na yule Mjerumani Petros wamepewa muda ule ule, wametenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde, dhahabu ya kwanza ya nchi yetu kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Watoto wa Kitanzania wapelekwe Mbulu na Singida kwanza.

Baba Mapacha

Mkuu sibishani na wewe na Mbulu nitakwenda, nipokee. Ila nikuulize, nikija Alhamisi saa tatu asubuhi nikakaa njia panda Mbulu, nitaona watu mia mbili wanakuja bila kuitwa? Hewa ya juu tunayo. Vumbi tunalo, tena la kuuza. Vipaji ndo usiseme, Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch 1974 kwa 3:32.16, akaongoza toka mwanzo mpaka mwisho hakumsubiri mtu. Juma Ikangaa kashinda New York 1989. Hao wote walikuwa na uwezo wa kumfunga Mkenya yeyote siku yao ikifika. Kinachokosekana kwetu ni ule umati. Kule kijana asiye na kocha, asiye na kambi, asiye na chochote, anatoka kwao na raba za mtumba, Alhamisi anakimbia nyuma ya bingwa wa dunia bure. Akidumu nao dakika kumi leo, mwezi ujao ishirini. Hicho ndo nilitaka watoto wakione.

Kijana wa Mbulu

Hapo umenifunga mdomo kidogo. Kidogo tu lakini.

Chebet wa Eldy

Karibuni sana majirani, mimi ni wa Eldoret na nimesoma hii uzi nikicheka hiyo ya kufukuzwa na nani, mama yangu pia huuliza hivyo na amezaliwa hapa 😂

Wacha niongeze kidogo juu watu wengi hukuja na Alhamisi pekee. Jumanne ni ya treki, yaani uwanja wa kukimbilia. Ule uwanja wa zamani wa Kamariny, uliofunguliwa 1958, ulifungwa urekebishwe na kazi ikakwama miaka mingi, so watu walihamia kwingine. Wengine hushuka Tambach, iko chini ya escarpment, ule ukingo wa bonde, kuna treki ya mchanga pale chuo cha walimu na ukisimama juu ya ukingo ukiangalia chini unaona bonde lote. Wengine huenda ile treki ya kisasa ya Lornah Kiplagat, hiyo ni mahali pa wenyewe unaomba ruhusa kwanza. Siku za kawaida watu hutoka saa kumi na mbili asubuhi, wanatoka tena saa nne, na jioni saa kumi mwendo wa pole kabisa. Hiyo ya jioni ndio ya familia! Wanakimbia polepole mpaka mtoto anaweza kuwafuata, na hawana presha ya mtu kuongea nao. Jumapili wengi wamepumzika, wako kanisa, usikuje Jumapili ukasema Iten imeisha.

Na kitu ingine, hii nasema kama mwanamke. Usifuate dada anakimbia peke yake na gari ukimrekodi. Najua mgeni hana nia mbaya lakini yeye hajui wewe ni nani. Agnes Tirop, mkimbiaji wetu, aliuawa nyumbani kwake hapo Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee huko Ujerumani, na wenzake wakaanzisha Tirop's Angels kusaidia wasichana wanaoteswa. Hapa mambo ya kufuatwa-fuatwa hatuchukulii kama mzaha. Uliza, atakubali au atakataa, imeisha.

MamaJunior_Dar

Dada Chebet asante kwa kusema hilo, wengi hatukulijua kwa undani.

Mimi swali langu ni la bibi. Mama mkwe ana presha, anatumia dawa, tunatoka Dar ambako tuko usawa wa bahari kabisa. Nimpeleke au nimwache? Na junior ana pumu kidogo, hilo vumbi mnalosema linaniogopesha. Pia tutamuona Eliud Kipchoge, yule wa marathoni? maana huyo ndo sababu ya mume wangu kukubali safari 🙈

Daktari wa Pembeni

Naomba nijibu la mwinuko. Watu husema oksijeni ni kidogo kule juu. Kiasi chake hewani ni kile kile, asilimia 21, Dar na Iten. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwahiyo kila ukivuta pumzi moja unaingiza kidogo kuliko ulivyozoea. Kwa mita 2,400 unapoteza kama robo hivi. Mwili unajibu kwa kuongeza pumzi na mapigo ya moyo siku hiyo hiyo, na taratibu figo zinatoa homoni ya kuamrisha uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu nyingi zaidi. Hilo la pili linachukua wiki kadhaa, ndo maana wakimbiaji wa nje wanakwenda kukaa kule mwezi mzima na zaidi. Wewe wa siku tatu hupati hiyo faida, unapata kuhema tu.

Kwa mama mkwe: mwenye presha iliyotulia kwa dawa kwa kawaida anasafiri mwinuko huo bila shida, lakini amuone daktari wake kabla, apimwe, asikatize dawa, na siku ya kwanza na ya pili asitembee vilima. Kuumwa kichwa kidogo na usingizi wa kukatika katika ni kawaida. Akianza kubanwa kifua au kuhema akiwa amekaa hiyo siyo kawaida, mshusheni aende hospitali, Eldoret kuna hospitali kubwa ya rufaa ya Moi na haiko mbali. Mtoto wa pumu abebe dawa yake ya kuvuta, isiwe kwenye begi lililo kwenye buti, iwe mkononi. Na mkae upande upepo unakotoka, vumbi liende kwa wengine. Jua pia, kule baridi inawadanganya watu, ngozi inaungua huku umevaa sweta.

Baba Mapacha

Daktari ubarikiwe. Shemeji wangu angesoma hii kabla angenusurika. Asubuhi ya kwanza tu alitoka saa kumi na mbili na vijana waliomwambia tunaenda izi, yaani mwendo wa pole. Izi yao na izi ya Moshi ni mbingu na ardhi. Alirudishwa na boda. Kutwa nzima alikuwa anasema ni chakula cha njiani.

MamaJunior kuhusu Kipchoge hapana, yeye hayuko Iten, kambi yao iko Kaptagat, upande mwingine wa Eldoret. Wengi wanachanganya. Chebet atanirekebisha.

Chebet wa Eldy

Ni ukweli, Kaptagat. Ni msituni, miti mirefu, baridi zaidi, na kambi ni ya watu kuishi na kufanya kazi, sio ya kutembelewa ovyo. Kwa barabara unaweza pitia ukiwa na gari na ukaona watu wakikimbia. Kelvin Kiptum alikuwa wa hiyo side ya Chepkorio, yule aliyekimbia marathoni ya Chicago 2023 kwa saa 2:00:35, na alifia kwa hiyo barabara ya Kaptagat kuelekea Eldoret usiku wa Februari 11, 2024, yeye na kocha wake Hakizimana. Miaka 24. Watu wa hapa bado hawapiti hapo bila kunyamaza kidogo. So endesheni pole, barabara zetu ziko na watu kwa miguu kuanzia kumi na moja asubuhi giza bado.

Asiyekimbia

Samahanini jamani mimi nimevutiwa na cheo cha "wasiokimbia". Baada ya Alhamisi saa tano fatleki imeisha. Halafu? Tutazame ng'ombe?

Baba Mapacha

😂😂 Ng'ombe wapo na wazuri.

Mkuu, kuna bonde. Usidharau. Iten iko kwenye mdomo wa Bonde la Kerio, ukisimama ukingoni unaona chini kule kunapauka kwa joto wakati wewe umevaa jaketi. Hali ya hewa ikikubali kuna watu wanaruka na parashuti zile za kuelea, wanatoka ukingoni wanaelea juu ya bonde, watoto wangu walisahau riadha kabisa wakataka kuwa marubani. Mama watoto alikaa hapo na chai yake mchana mzima, akasema kama mngeniambia kuna hapa nisingelalamika toka Nairobi.

Halafu mnashuka barabara ya kwenda Kabarnet, inapita Tambach, kona juu ya kona, masikio yanaziba, na kadri mnavyoshuka mnavua nguo moja moja. Chini kabisa mnavuka mto Kerio pale Cheploch, kuna korongo jembamba la mawe na vijana wa pale wanaruka toka juu mpaka majini, ukiwapa chochote wanaruka tena. Bi mkubwa alifumba macho kila mara, halafu anauliza ametoka? ametoka? Mkishuka beba maji mengi, chini kule joto si la mchezo, na mtoto mwenye kutapika kwenye kona mkalishe mbele. Tembo nao wapo bondeni, kuna hifadhi ya Rimoi, sisi hatukuingia maana muda haukutosha.

Kuna na barabara nyingine ya kupanda toka bondeni inaitwa Fluorspar, kama kilomita 21 za mlima mtupu kutoka kwenye joto mpaka kwenye baridi ya juu, wakimbiaji wanaipanda kwa mazoezi. Kupanda! Kuna watu wanashushwa na gari ili wapande kwa miguu. Shemeji alipoambiwa hivyo akasema anaona magoti ya bi mkubwa yameanza kumuambukiza.

Mwalimu wa Michezo

Mimi ningeongeza St. Patrick's, shule ya wavulana iko hapo hapo mjini. Kwa watoto wa shule hiyo ni ziara yenye maana kuliko tao la barabarani. Brother Colm O'Connell, mmisionari toka Ireland, alifika 1976 kufundisha jiografia, hakuwa kocha kabisa, akapewa timu ya riadha. Peter Rono aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988 katoka pale, Wilson Kipketer katoka pale, na baadaye David Rudisha alikuja kunolewa na huyo huyo Brother, London 2012 akakimbia mita 800 kwa 1:40.91, kaongoza mwenyewe mwanzo mwisho na rekodi haijaguswa. Mtoto akiambiwa kocha wa Rudisha alikuwa mwalimu wa jiografia anaweza akaanza kumheshimu hata mwalimu wake.

Ila ni shule, muandike barua au mpige simu kabla, msivamie darasani.

Kijana wa Mbulu

Mwalimu wa jiografia. Kumbe wizara ikitupa walimu wa jiografia tu tutatoboa.

Na nirudi kwenye 1968, maana hili watu hawaliunganishi. Mexico City iko kama mita 2,240. Iten iko juu kuliko pale. Ndo maana Kipchoge Keino, siyo huyu Eliud wa Kaptagat, alimuacha Jim Ryun wa Marekani mbali vile kwenye 1500, yeye alikuwa nyumbani Ryun alikuwa anatafuta hewa. Michezo ile ile mzee Akhwari wetu anachechemea usiku. Kwahiyo watoto wakiwa kule juu wanahema muwaambie hivi ndo ilivyokuwa Mexico, wataelewa haraka.

MamaJunior_Dar

Nimeshapata moyo. Mama mkwe anakwenda, ameshaambia majirani kwahiyo hakuna kurudi nyuma. Chakula je? Junior anachagua.

Chebet wa Eldy

Chakula ni ile ile mnajua: ugali, mboga za majani kama sukuma ama managu, maharagwe, nyama, chapati, na chai ya maziwa mingi. Wakimbiaji wenyewe ndio hukula hiyo, hakuna siri kwa sufuria. Mursik jaribuni, ni maziwa ya kulala kwa kibuyu kilichosafishwa na mkaa wa mti, bingwa akirudi airport ndio hupewa kwanza. Mtoto asipoipenda usimlazimishe, hata wangu walianza polepole.

Baridi bebeni masweta, asubuhi na usiku hakuna mchezo. Na mvua: Aprili na Mei barabara zinakuwa matope mekundu, gari ndogo inaweza kulala hapo. Desemba mpaka Februari ndio kukavu zaidi.

Baba Mapacha

Sisi tulikwenda Desemba, shule zimefungwa huku na kule. Tuliwahi kabla ya Krismasi maana nasikia wengi wanarudi makwao sikukuu.

Dereva Masafa

Wa barabara nimekuja. Toka Arusha mpaka Namanga ni kama kilomita 110, mpaka ni wa pamoja, mnagongewa mihuri ya nchi zote mbili jengo moja. Visa hatulipi. Kila mtoto awe na pasi yake, na ukisafiri na watoto mzazi mmoja beba barua ya mwenzako na cheti cha kuzaliwa, siku wakiuliza hutaki kuwa unatafuta mtandao. Gari lako mwenyewe liwe na karatasi zake na bima ya nchi zetu, ile kadi ya njano ya COMESA, pitia kwa watu wa bima kabla hujaondoka.

Namanga Nairobi mna kama 160. Sasa Nairobi hadi Eldoret ni zaidi ya 300 na hapo ndo watu wanakosea, wanataka wamalize siku moja toka Arusha na watoto nyuma. Laleni njiani. Nakuru panafaa, Naivasha panafaa. Ile barabara ina malori mengi, kupishana ni kwa imani, usiku usiendeshe kama hujui. Ukitoka Nakuru unapanda mpaka Timboroa, huko ni juu kuliko hata Iten, ukungu unashuka mchana kweupe. Kabla ya Timboroa mnavuka ikweta, kuna alama pembeni, simameni watoto waweke mguu mmoja kaskazini mmoja kusini. Bure pia hiyo.

Baba Mapacha

Mapacha waligombana nani awe kaskazini. Nusu saa.

Asiyekimbia

Mmenishawishi bila kutaka. Swali la mwisho kwa Baba Mapacha, kweli kabisa mtu kama mimi mwenye kitambi changu nikitokea barabarani na bukta hawatanicheka?

Baba Mapacha

Watakusalimia. Yaani kila anayekupita anakuinulia kidole gumba au anasema poa. Mimi nilipitwa na mama mmoja amebeba galoni la maji, hakimbii, anatembea, na yeye akanipa pole. Chagua jioni ile aliyosema Chebet, saa kumi, mtoke familia nzima, anayetembea atembee anayejogi ajogi, mkae upande mmoja wa barabara msitandaze njia nzima, na mkisikia miguu nyuma sogeeni pembeni. Wanakuja wengi na hawapigi honi.

Mabishano yetu makubwa na mama watoto yalikuwa kama tuwanunulie mapacha raba za kukimbilia. Wameshaomba. Yeye anasema wasubiri tuone hamu itadumu wiki ngapi, mimi nasema wakimbie na za shule. Hapo tumekubaliana kwa bahati.

Msukuma Mwendo

Wakuu na sisi wa Mwanza tupite wapi? Kuzunguka mpaka Namanga si tutakuwa tunaenda Iten kwa kupitia mbinguni.

Dereva Masafa

Mkuu wewe usije Namanga kabisa. Mwanza, Musoma, Sirari unavuka Isebania, Migori, Kisii, Kisumu, halafu panda Kapsabet mpaka Eldoret. Na Kapsabet ni Nandi, kwao Kipchoge Keino huyo huyo wa Kijana wa Mbulu, kwahiyo mkiamka mapema mkapita pale alfajiri mtawakuta wako barabarani kabla hata hamjafika mnakokwenda. Punguza mwendo tu.

Msukuma Mwendo

Kisumu nalala au naunganisha?

Dereva Masafa

Una watoto wangapi?

Msukuma Mwendo

Watano na mama yao.

Dereva Masafa

Lala.